Edsger Dijkstra: Fundi Aliyejua Kipimo cha Akili Yake

Ndugu msomaji, katika kurasa za wasifu tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru, viongozi na waandishi wa vitabu. Safari hii nimewaomba wahariri wanikubalie nikuletee mtu wa kompyuta. Nina sababu, tena sababu yenyewe inaniuma, kwa hivyo ni afadhali niitoe mapema.

Katika muhula wa pili wa mwaka wa 2025, mwalimu wetu wa maktaba aliniomba nimtengenezee programu ya kuweka rekodi za vitabu vinavyoazimwa. Daftari lake lilikuwa limechakaa, kurasa zinang'oka. Mimi kwa kujiona bingwa nikaenda maabara ya kompyuta nikatumia hii akili unde inayosifiwa kila mahali. Unaieleza unachotaka kwa lugha ya kawaida, nayo inakuandikia programu, wewe umekunja nne tu. Siku ya kwanza nilipata programu inayofanya kazi. Lo! Nilitembea shuleni kifua mbele.

Mwalimu akasema anataka faini za wanaochelewa. Nikaiambia mashine, ikaongeza. Akataka kitabu kilichorudishwa asubuhi kiweze kuazimwa tena jioni. Ikaongeza. Kosa likitokea, ninalipeleka vile lilivyo, inaniletea marekebisho, ninayaweka bila kuyasoma. Kufikia mwisho wa muhula programu ilikuwa na mistari zaidi ya elfu nne, na hapakuwa na binadamu hata mmoja aliyekuwa ameisoma yote, mimi mwenyewe nikiwemo.

Basi muhula wa tatu ulipofunguliwa, programu ikachapisha orodha ya wadaiwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaonekana ana vitabu vitatu. Alilia, akaapa kwamba alivirudisha kabla ya likizo. Nani angemwamini? Kompyuta haisemi uongo, ati. Mama yake aliitwa, akafunga kibanda chake sokoni, akaja kulipa. Siku tisa baadaye vitabu vyote vitatu vilipatikana kwenye rafu, vimepangwa vizuri kabisa mahali pake.

Mama huyo alirudishiwa pesa zake. Lakini yule msichana, mpaka leo akiniona njiani hupita upande wa pili.

Nilikaa siku nyingi nikitafuta kosa liko wapi katika ile mistari elfu nne, nikashindwa. Mwalimu wetu wa kompyuta hakunigombeza. Aliniambia tu nikasome habari za Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra. Jina hilo la pili hutamkwa karibu na Deikstra. Nilisoma likizo nzima ya Desemba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Edsger Wybe Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei, 1930, katika mji wa Rotterdam, Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na mama yake alikuwa mwanahisabati. Hata hivyo, kijana huyu hakuwa na nia ya sayansi. Alitaka kusomea sheria ili siku moja aiwakilishe nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Alipomaliza shule ya upili mwaka wa 1948, alama zake za sayansi na hisabati zilikuwa nzuri mno, hata wazazi na walimu wakamshauri asizitupe. Akaingia Chuo Kikuu cha Leiden, akasomea fizikia.

Mwaka wa 1951 alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa kozi ya wiki tatu kuhusu namna ya kuiandikia kompyuta programu. Kompyuta wakati huo zilikuwa chache duniani, na moja ilijaza chumba kizima. Mwezi wa Machi, 1952, aliajiriwa na Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam. Wenzake walikuwa wakiunda mashine, naye akiandika programu zake. Mara nyingi mashine yenyewe ilikuwa haijakamilika, kwa hivyo ilimbidi aandike programu kwenye karatasi na kuhakikisha kichwani kwamba ni sahihi, maana hapakuwa na mahali pa kuijaribia. Tabia hiyo haikumtoka maisha yake yote.

Baada ya miaka mitatu aliingiwa na wasiwasi. Daktari ana elimu yake, mhandisi ana elimu yake. Je, mtunzi wa programu ana nini? Alimwendea mkubwa wake, Adriaan van Wijngaarden, akamweleza shaka hiyo. Mzee huyo alikubali kwamba bado hakukuwa na elimu ya kuitwa elimu. Lakini akamwambia kwamba kompyuta zimekuja kukaa, na huenda yeye Dijkstra ndiye atakayeifanya kazi hiyo iheshimike. Dijkstra alitoka ofisini humo akiwa mtu mwingine. Na kama unadhani wasiwasi wake ulikuwa wa bure, sikia haya. Alipofunga ndoa mwaka wa 1957 ilimbidi ataje kazi yake. Akasema yeye ni mtunzi wa programu. Maofisa wa mji wa Amsterdam wakakataa, kwamba hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi waandike kwamba ni mwanafizikia.

Mwaka mmoja kabla ya harusi hiyo, yaani 1956, ndipo alipofanya jambo ambalo limelibakisha jina lake midomoni mwa watu. Alikuwa mjini Amsterdam na mchumba wake, Ria Debets, wamezunguka madukani mpaka wakachoka. Wakaketi nje ya mkahawa kunywa kahawa. Dijkstra akawa anawaza swali moja: mtu akitaka kusafiri kutoka Rotterdam hadi Groningen, na kuna barabara nyingi zinazopita miji mingi, njia iliyo fupi kuliko zote ni ipi?

Jibu lake ni rahisi ajabu. Anza mji unaotoka. Pima umbali wa kila mji wa jirani. Chukua ulio karibu zaidi kuliko yote, uufunge, maana umbali wake hauwezi tena kupungua. Kisha tazama majirani wa mji huo, urekebishe hesabu zao kama kupitia hapo ni karibu zaidi. Rudia hivyo hivyo mpaka ufike unakokwenda. Aliipata njia hiyo kwa dakika ishirini hivi, bila kalamu wala karatasi, na mwaka wa 1959 akaichapisha katika makala ya kurasa tatu. Leo mbinu hiyo, pamoja na nyingine zilizozaliwa nayo, hutumika katika ramani za simu na katika mitambo inayoamua habari za intaneti zipite wapi.

Jambo lililonigusa mimi ni sababu aliyoitoa miaka mingi baadaye. Alieleza kwamba njia hiyo ilitoka nzuri kwa sababu hakuwa na karatasi. Mtu asiye na karatasi hawezi kubeba mzigo mkubwa kichwani, kwa hivyo analazimika kutupa kila ugumu usiohitajika. Ndugu msomaji, hebu linganisha na mimi na mistari yangu elfu nne. Mimi nilikuwa na mashine isiyochoka kuandika, kwa hivyo sikulazimika kutupa chochote.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Kituo cha Hisabati kilikuwa kikishughulika na kompyuta mpya iliyoitwa X1. Mashine hii ingeweza kukatizwa kazi wakati wowote na vifaa vilivyounganishwa nayo, kisha irudi ilipoachia. Dijkstra alisita kwa miezi kadhaa kuikubali. Aliona hatari yake: kosa likitokea leo, kesho ukilitafuta halipo, kwa sababu nyakati za kukatizwa hazirudii. Kosa la namna hiyo huwezi kulikamata kwa kujaribujaribu. Ilibidi programu iandikwe kwa hoja iliyo sahihi tangu mwanzo. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya uzamifu mwaka wa 1959.

Kisha akashirikiana na Jaap Zonneveld kuandika programu ya kutafsiri lugha mpya ya kompyuta, ALGOL 60, iwe maagizo ya mashine. Wawili hao waliwekeana ahadi ya kutonyoa ndevu mpaka kazi iishe. Iliisha Agosti, 1960. Zonneveld akanyoa, lakini Dijkstra akabaki na zake.

Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati. Hapo, pamoja na kikundi kidogo cha wenzake, alijenga mfumo endeshi ulioitwa THE, kwa herufi za jina la chuo hicho. Mfumo huo uliiwezesha kompyuta moja kushughulikia kazi nyingi kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo gumu kweli. Mambo mengi yakienda pamoja, yatagongana. Ili kuzuia hayo alibuni semafo, ambayo inafanana na ishara za reli: garimoshi moja likiwa kwenye kipande cha njia, jingine linangoja mpaka njia iwe wazi.

Namna walivyoujenga mfumo huo ndiyo hasa iliyonifunza. Waliupanga kwa matabaka. Tabaka la chini kabisa liligawa muda wa kompyuta baina ya kazi. Lililofuata lilishughulikia kumbukumbu. Juu yake kukawa na mazungumzo na mwendeshaji wa mashine, kisha vifaa vya kuingizia na kutolea habari, kisha programu za watumiaji. Kila tabaka lilitegemea yaliyo chini yake tu. Hawakuweka la pili mpaka la kwanza limechunguzwa likathibitika. Alipotoa taarifa ya kazi hiyo mwaka wa 1968, alieleza kwamba makosa yaliyoonekana wakati wa majaribio yalikuwa madogo madogo ya uandishi, yanayosahihishwa mara moja. Hakuna aliyelazimika kutafuta sindano katika lundo la majani, maana walijua kila kitu kinakaa wapi.

Mwaka huo huo wa 1968, mwezi wa Machi, ilichapishwa barua yake fupi iliyozua zogo kubwa. Alipinga agizo linaloitwa GO TO, ambalo huiambia kompyuta iruke kutoka mstari huu iende mstari mwingine popote. Chukua mfano wa kitabu: unasoma ukurasa wa 5, unaambiwa nenda wa 90, huko unaambiwa rudi wa 12, kisha ruka wa 61. Ukifika mwisho utajua umesoma nini? Dijkstra alisema akili ya mtu hufuata vizuri mambo yanayokwenda kwa mpangilio, kwa hivyo programu inapaswa kuandikwa ili msomaji aweze kuifuata. Wapo waliomshangilia na wapo waliomtukana. Mwanasayansi mwingine mashuhuri, Donald Knuth, alionyesha mwaka wa 1974 kwamba ziko nafasi ambapo agizo hilo linafaa. Lakini lugha nyingi za siku hizi zinafuata mpangilio alioutetea Dijkstra.

Usidhani maisha yake yalikuwa maua matupu. Wakati huo idara yake haikuiona elimu ya kompyuta kuwa kazi yake, na kikundi alichokijenga kikavunjwa. Dijkstra aliingia katika huzuni kubwa, maradhi ya moyo kuvunjika, hata ikamchukua miezi kupata ujasiri wa kushika kalamu. Alipoishika aliandika kama mtu anayejitibu. Maandishi hayo ya Agosti, 1969, yalihusu namna ya kupanga programu ili mtu azielewe, na kwake yalikuwa mwanzo wa kupona. Baadaye yalisomwa duniani kote.

Mwaka wa 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobeli. Katika hotuba yake hakujisifu. Alisema shida ya programu ilikua pamoja na mashine: kompyuta zilipokuwa dhaifu, shida ilikuwa ndogo, zilipopata nguvu kubwa, watu walitaka makubwa, na shida ikawa kubwa. Dawa yake ilikuwa unyenyekevu. Mtunzi hodari anajua fuvu la kichwa chake lina kipimo, kwa hivyo anaiendea kazi yake kwa adabu na kuepuka ujanja wa kujionyesha kama tauni. Pia alikumbusha kwamba kuijaribu programu kunaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hakuwezi kuthibitisha kuwa hakuna. Mimi programu yangu niliijaribu mara nyingi, na kila mara ilifanya kazi!

Kuanzia 1973 alifanyia kazi zaidi nyumbani kwake, kijiji cha Nuenen, akiwa mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya Burroughs. Cha ajabu ni kwamba mtu huyu wa kompyuta aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, mwandiko unaosomeka kama chapa. Maandishi yake alikuwa akiyapa namba na kuwatumia marafiki, nao wakayanakili na kuwapa wengine. Alipofariki yalikuwa yamepita 1,300.

Moja ya maandishi hayo, la mwishoni mwa miaka ya 1970, utadhani aliniandikia mimi. Siku hizo tayari walikuwako watu waliotamani kuiagiza kompyuta kwa lugha ya kawaida. Dijkstra aliwapinga. Lugha ya kawaida, alieleza, hutuwezesha kusema maneno yasiyo na maana bila sisi kugundua. Alama kavu za hisabati na programu tunaziona adha, kumbe ni neema, kwa sababu zinatulazimisha tuseme kitu kimoja kwa uwazi. Mimi nilipoiambia mashine iruhusu kitabu kuazimwa tena, nilikuwa nimesema nini hasa? Kilichorudishwa na nani? Lini? Sikujua, na mashine haikuniuliza. Ilikisia.

Mwaka wa 1984 alihamia Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Alifundisha kwa ubao na chaki. Likizoni yeye na mkewe walizunguka mbuga za Marekani kwa gari lao la Volkswagen. Mwaka wa 1988 aliandika kwamba si haki kuhesabu mistari ya programu kama mazao yaliyovunwa. Ihesabiwe kama matumizi, kama pesa iliyotoka mfukoni. Nilipoyasoma hayo niliona haya. Nilikuwa nimejisifia mistari elfu nne, kumbe nilikuwa najisifia deni.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wengi walimwona ana majivuno. Mwaka wa 1975 aliandika maneno makali kuhusu wanafunzi waliofunzwa kwanza lugha ya BASIC, kana kwamba wameharibika wasiweze kunyooshwa. Ingekuwa hivyo, wengi waliofanikiwa wasingefanikiwa. Wengine walilalamika kwamba njia yake ya kuthibitisha programu kama hesabu inafaa programu fupi, lakini kwa kubwa ni kazi ya kuvunja mgongo. Hoja hizo zina ukweli wake. Lakini hata wapinzani wake walikubali kwamba swali lake ni la haki: ikiwa hakuna anayeielewa, tutajuaje kwamba ni sahihi?

Alistaafu mwaka wa 1999, akarudi Nuenen. Saratani ikamshika, na tarehe 6 Agosti, 2002, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 72.

Sasa nirudi maktabani. Januari, 2026, niliifuta programu yote. Kabla ya kuwasha kompyuta nilichukua karatasi nikaandika: kitabu ni nini, mwanafunzi ni nani, kuazima ni nini, kurudisha ni nini. Nilipoitazama upya ile programu ya zamani kwa macho hayo, nikaona kosa. Habari za kurudisha kitabu zilikuwa zikishughulikiwa mahali panne tofauti. Kitabu kikirudishwa siku ya mwisho kabla ya likizo, sehemu tatu zilijua na ya nne haikujua. Hiyo ya nne ndiyo iliyochapisha orodha ya wadaiwa.

Sikuacha kutumia akili unde, nisikudanganye. Lakini sasa naiomba kipande kimoja kidogo kwa wakati mmoja. Nakisoma mstari kwa mstari. Nisipoweza kukieleza kwa mwalimu wa maktaba, ambaye si mtu wa kompyuta, hakiingii. Kurudisha kitabu kunafanyika mahali pamoja tu, na kwingine kote kunauliza hapo. Programu mpya haifiki mistari mia nne. Si ya kujigamba, lakini ikisema mtu ana deni, naweza kukuonyesha ni kwa nini.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mashine hizi zitazidi kuwa na mbio, na hilo silo baya. Kichwa changu ndicho hakitakua kwa kasi hiyo, wala chako, msomaji. Dijkstra alilijua hilo kuhusu kichwa chake mwenyewe, na hakuona aibu kulisema.

Yule msichana bado sijamwomba msamaha kwa kinywa changu. Nimeandika makala haya kwanza. Gazeti likitoka nitampelekea nakala mwenyewe, na nitasimama hapo mpaka nilitamke.